Redio ya Biblia ya sola: nyota nne, ya tano imezuiwa na Elifazi, rafiki wa Ayubu

Bidhaa yenyewe ni kiredio cha kushika mkononi, cha kijivu, kinachosoma Biblia nzima kwa Kiswahili. Mgongoni kina kipande cha sola, ubavuni tundu la chaja na tundu la spika za masikioni, kichwani tochi. Nilikinunua shilingi 45,000 kwenye duka la vitabu vya dini hapa Mwanza mjini. Machinga wa Makoroboi wanavyo vinavyofanana nacho kwa bei ya chini, na mbele nitasema kwa nini unafuu huo unaweza kukutokea puani. Jina la kampuni siwapi kwa sababu sijaliona. Boksi lina picha ya jua, maandishi ya Kichina na neno "Biblia", basi.

Mtu anayetaka kujua Injili zinasikikaje, zinasikika vizuri, na Zaburi ndizo zimerekodiwa vizuri kuliko vyote. Ila mimi nimekitumia zaidi kwa kitabu kimoja, Ayubu, na nimekitumia usiku, nyumbani na wodini. Tathmini yangu itaegemea huko na sitaomba radhi.

Mwanangu wa pili ana sikoseli, selimundu kwa lugha ya vipeperushi vya kliniki. Wa kwanza naye alikuwa nayo, ila tulikuja kujua baadaye. Alifariki hajatimiza miaka minne, na wakati ule tuliambiwa tu kwamba damu imeisha. Huyu wa pili ana miaka 12. Dawa zake anazijua kuliko mimi: foliki kila siku, haidroksiyurea kila siku, maji mengi, sweta hata kama wenzake wanacheza vifua wazi. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, au akipata homa, au akirudi shule na chupa ya maji ikiwa imejaa kama alivyoondoka nayo, maumivu yanaanza mapajani na kupanda mgongoni. Chembe nyekundu za damu zinapinda, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mfupa unakosa hewa. Hapo ni dripu, dawa kali za maumivu, mara nyingine kuongezewa damu, na mimi kwenye kiti cha plastiki mpaka kukuche.

Simu haifai kwa usiku wa namna hiyo. Kwanza bando. Pili, simu ndiyo mlango wanaoingilia watu. Unafungua usikilize Zaburi, unakuta ujumbe wa kikundi cha akina mama: "Mpendwa, jichunguze." Kiredio hiki hakina laini wala mtandao, na hakuna mtu anayeweza kukutumia neno kupitia humo. Watengenezaji hawakuiandika hiyo kwenye boksi, lakini kwangu ndiyo sifa ya kwanza.

Sifa ya pili ni vitufe. Viko vitano tu, vikubwa, na cha katikati kina kinundu, kwa hiyo gizani unakipata kwa kidole bila kuwasha taa na kumwamsha mgonjwa wa kitanda cha jirani. Tochi ina mwanga hafifu na hapo ndipo uzuri wake: inatosha kuona dripu imefika wapi, haitoshi kumuumiza mtoto macho. Betri ikijaa inapita usiku mzima na kubaki. Sola inataka jua kali la mchana kutwa, tena nje; kukiweka ndani nyuma ya kioo cha dirisha ni kujidanganya. Kwa bahati kinakubali chaja ya pini nyembamba, ile ya simu za kitochi, ambayo wodini hukosi wa kukuazima.

Sasa kasoro. Sauti, hata ukiipunguza hadi mwisho, bado ni kubwa kwa wodi ya saa nane usiku. Spika za masikioni walizoweka kwenye boksi zilikufa upande mmoja mapema sana, nikanunua nyingine za elfu mbili. Halafu kuna kinanda. Kati ya sura na sura wameweka muziki, na ni muziki uleule Biblia nzima. Ayubu sura ya 3: mtu ameilaani siku aliyozaliwa, ametamani bora angezaliwa mfu, na kabla hujameza mate kinanda kinakuja na furaha ya kuingiza maharusi ukumbini. Aliyepanga hivyo hakusikiliza alichokuwa anakipanga.

Msomaji ni mwanamume wa sauti ya utulivu. Anasoma tafsiri ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, na anasoma kila kitu sawasawa kama mtangazaji wa bei ya pamba. Mbingu zikifunguka, bei ya pamba. Watoto kumi wa Ayubu wakiangukiwa na nyumba, bei ya pamba. Mume wangu hawezi kuvumilia dakika tano. Mimi nimekuja kuona afadhali, kwa sababu sauti ile hailii kwa niaba yangu wala hainilazimishi kulia, nayo ni tofauti na sauti nyingi nilizozisikia kando ya kile kitanda.

Ayubu wa mahubiri ana sura tatu: ya 1, ya 2 na ya 42. Alikuwa tajiri, akapoteza, akasema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe," akarudishiwa mara mbili. Maneno hayo yalisomwa kaburini kwa mwanangu wa kwanza, na watu wakaitikia amina. Katikati ya mwanzo huo na mwisho huo kuna sura 39, na kiredio hakina haraka ya kwenda chakulani, kinazisoma zote. Ukimsikia huyo mtu mvumilivu anavyosema ndani ya hizo sura, unaweza kugeuka nyuma kuangalia kama mchungaji amesikia. Anamwuliza Mungu kwa nini anamfanya shabaha. Anamwomba amwache walau ameze mate. Anadai kesi, anataka hati ya mashtaka aione kwa macho yake.

Usiku mmoja tulifika sura ya 30 tukiwa tumegawana spika, moja sikioni kwa mtoto, nyingine kwangu. Ayubu anasema usiku mifupa yake inachomwa ndani yake na maumivu yanayomtafuna hayalali. Mtoto akanishika mkono.

"Mama, na huyu ana sikoseli?"

Nikamwambia Biblia inasema alikuwa na majipu, tangu wayo wa mguu hadi utosini.

"Basi ana vyote viwili."

Tangu hapo kitabu kile ni chake. Anajua nani anafuata kuongea. Akifika kwa Elihu, mwana wa Barakeli, Mbuzi, wa jamaa ya Ramu, anacheka kila mara pale penye Mbuzi hata kama anaumwa, na mimi sijamwambia kwamba ni kabila, kwa sababu kicheko wodini si kitu cha kukirekebisha.

Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja wa Kiislamu kutoka kisiwani Ukerewe, mwanawe ana ugonjwa uleule. Aliposikia tunamsikiliza Ayubu akaomba naye asikie. Nikachomoa waya, tukaweka sauti chini kadiri inavyokubali. Yeye Nabii Ayubu anamjua kwa subira, na akanipa dua yake iliyomo kwenye Surat Al-Anbiyaa, fupi, isiyozidi pumzi moja: madhara yamenigusa, nawe ndiwe mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Alisikiliza sura nne au tano za kwetu, akasema, "Ayubu wenu anaongea sana." Nikamwambia amekasirishwa na wageni. Akasema, "Hapo sawa."

Maana wageni hao ndio sababu ya mimi kuandika. Marafiki wa Ayubu ni Elifazi, Bildadi na Sofari. Walisikia habari, wakatoka kila mtu kwao, wakaja. Hilo tuwape haki yao, walikuja. Walilia, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, "wala hapana mmoja aliyenena naye neno lo lote, kwani waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno." Kama kitabu kingeishia hapo, wangekuwa watakatifu. Kuanzia sura ya 4 wanafungua midomo.

Wa kwangu walikuja na sukari, sabuni za mche, mchele, na bahasha. Siku za mwanzo walifua, walipika uji, walimchukua mdogo wake shuleni. Sitasahau wema huo na siufuti. Lakini ugonjwa usioisha unawachosha wanaoutazama, na mtu aliyechoka kutazama huanza kutafuta sababu. Mmoja akaniuliza kama mimba ya huyu mtoto ilikuja ndani ya ndoa. Mwingine akasema kuna mlango wa ukoo haujafungwa, akanitajia sadaka ya kuufunga na namba ya simu ya kuitumia. Wa tatu, ambaye nampenda mpaka leo, akanishauri nisitishe haidroksiyurea kwa mfungo wa siku ishirini na moja, kwani dawa na imani haviwezi kukaa nyumba moja. Upande wa ukweni wakasema kwao hakuna ugonjwa huo, kwa hiyo swali limebaki kwangu.

Daktari wa kliniki alinichorea kwenye kipande cha karatasi, na kile kipande ninacho bado. Ili mtoto awe na sikoseli lazima apokee kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mume wangu alipima, anabeba. Mimi nilipima, nabeba. Sote wawili wazima, hatujawahi kuumwa nayo. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, na mimba iliyotangulia haipunguzi wala haiongezi. Akaniambia na jingine ambalo sikulitegemea: anayebeba upande mmoja tu ana kinga ya malaria kali, na ndiyo sababu huku kwetu kanda ya Ziwa, ambako malaria imekaa na watu tangu enzi, wabebaji ni wengi. Maana yake kitu kilekile kinachomtesa mwanangu huenda ndicho kilichomvusha bibi yangu utotoni. Nimelipeleka hilo kwa Mungu mara nyingi. Sijapata jibu. Lakini ni swali la heshima, ninaweza kulisema mbele zake nikiwa nimesimama, si kama lile la mimba ilikuja lini.

Nirudi kwenye bidhaa, maana hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Rekodi nzima ina sauti moja. Anayesoma Ayubu ndiye anayesoma Elifazi, ndiye anayesoma Mungu. Ukianza mwanzo wa sura mara nyingi unasikia "Ndipo Elifazi, Mtemani, akajibu," na unajua uko kwa nani. Lakini ukishtuka katikati ya sura baada ya kusinzia, au ukiingia sura kama ya 5, ambayo inaendelea tu bila kutaja jina, hujui kabisa. Na shida ni kwamba Elifazi anaongea vizuri mno. Anaongea vizuri kuliko Ayubu. Ayubu anarukaruka, analia, anarudia. Elifazi amepanga maneno yake, ana mifano, ana ndoto ya usiku aliyoletewa na roho iliyopita mbele ya uso wake. Unasinzia, unazinduka, unasikia maneno mazuri, unasema amina, na kumbe umemwitikia mtu ambaye Mungu mwenyewe amemkatalia.

Msinicheke, nendeni mkaangalie kuta zenu. "Mjue sana Mungu, ili uwe na amani, ndivyo mema yatakavyokujia." Imo kwenye kalenda, kwenye vitenge vya kwaya, kwenye vioo vya daladala. Ni Ayubu 22:21, na msemaji ni Elifazi. Rudini nyuma aya chache tu msikie alichotanguliza: anamwambia Ayubu kwamba amewavua nguo walio uchi, amewanyima maji waliochoka, amewafukuza wajane mikono mitupu. Hana shahidi hata mmoja. Ametunga dhambi ili mateso yapate maelezo, halafu juu ya uongo huo akaweka ule mstari mtamu. Aya ya 28 ya sura hiyohiyo, ile ya kukusudia neno nalo likathibitika, inayopigiwa kelele kwenye mikesha ya mwaka mpya, ni yake pia. Na ile ya mwanzo mdogo na mwisho utakaoongezeka sana, 8:7, ambayo mimi mwenyewe nimeibandika kwenye kibanda changu cha uwakala wa pesa, ni ya Bildadi, ambaye aya tatu kabla ya hapo ametoka kumwambia baba aliyefiwa kwamba watoto wake walikufa kwa makosa yao wenyewe.

Sijaibandua. Wateja wameizoea, na kumjua Mungu ni jambo jema hata likisemwa na Elifazi. Ninachosema ni kwamba mstari unaofaa ukutani unaweza kuwa jiwe ukimrushia mtu aliyeko kitandani, na wengi wanaourusha hawajui waliuokota kwa nani. Kiredio hiki kingeweza kuwasaidia kujua. Nimewahi kusikia Agano Jipya lililosomwa kwa kuigiza, kila mhusika na sauti yake. Ayubu ndicho kitabu kinacholilia jambo hilo kuliko vyote, maana karibu chote ni watu wanajibizana.

Dawa niliyotumia ni kipande cha plasta ya hospitali kilichobandikwa nyuma, chini ya sola, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nakiandika hapa kwa atakayehitaji. Marafiki: 4, 5, 8, 11, 15, 18, 20, 22, 25. Elihu, kijana aliyesubiri wazee wamalize ndipo naye aanze: 32 hadi 37. Mungu: 38 hadi 41. Zilizobaki kati ya 3 na 31 ni Ayubu. Mtu aliye kwenye maumivu aanze na za Ayubu. Mtu anayejiandaa kwenda kumtembelea mgonjwa aanze na za marafiki, azisikilize kwa makini, na kama ataona ameandaa hotuba inayofanana nazo, apeleke ndizi.

Sura ya 38 hadi 41 zinahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanazima. Mungu anatokea katika upepo wa kisulisuli na hajibu swali. Hamwambii Ayubu habari za Shetani wala za lile baraza la sura ya 1, ambako Shetani aliruhusiwa kumjaribu. Anamwuliza alikuwa wapi alipoiweka misingi ya nchi. Anamwonyesha bahari, theluji, simba, mbuni, Kilimia angani, lile kundi la nyota ambalo wazee wetu walipandia. Kisha anafika kwa kiboko na mamba. Sasa kwa mtu wa mjini mbali huko hayo ni mapambo ya shairi. Kwa mtoto wa huku ziwani, ambaye mjomba wake ni mvuvi na amewahi kukatiwa nyavu na kiboko, mambo yanabadilika. "Je! Waweza kumvua mamba kwa ndoana?" Mwanangu akajibu kwa sauti, wodi ikiwa kimya: "Hapana." Halafu akauliza kwa nini Mungu amewaumba. Nikamwambia sijui, na naona hata Ayubu hakuambiwa. Akasema, "Ila amekuja." Sikumwuliza anamaanisha nini, na yeye hakuendelea, dawa ilikuwa imeanza kumchukua.

Kuna watu wananiuliza kama bado naamini, na wanauliza kwa namna mbili. Wengine wanataka niseme ndiyo ili wapumue. Wengine wanataka niseme hapana ili wapate uthibitisho. Jibu langu limo sura ya 42 aya ya 7, na natamani ingehubiriwa kama inavyohubiriwa ile ya kurudishiwa mara mbili. Mungu anamgeukia Elifazi, anamwambia hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ayubu, yule aliyelaani siku yake. Ayubu aliyedai kesi. Walionyamazisha maswali kwa jina la Mungu ndio walioambiwa wamekosea, tena wakatozwa: ng'ombe waume saba na kondoo waume saba. Waulizeni Wasukuma kama hiyo ni faini ndogo. Na hawakuambiwa waombe wenyewe, waliambiwa wamwendee Ayubu awaombee.

Kwa hiyo naamini, na nanung'unika, na vyote viwili navipeleka sehemu moja. Haidroksiyurea inaendelea. Mfungo niliufanya kwa sababu zangu na mtoto akameza dawa zake kila asubuhi. Yule wa mlango wa ukoo sijamjibu. Rafiki wa tatu alikuja wodini mwezi wa saba, nikampa spika moja, tukasikiliza sura ya 16, ile ambayo Ayubu anawaambia kwamba hata yeye angeweza kusema kama wao kama nafsi zao zingekuwa mahali pa nafsi yake. Hakusema kitu. Aliosha chupa ya chai, akaijaza maji ya moto, akaondoka na nguo chafu za mtoto kwenda kuzifua. Naendelea kumwombea, na sijamdai ng'ombe.

Kuhusu kurudishiwa mara mbili, niseme moja tu kwa wanaopenda hesabu. Kondoo walikuwa 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Watoto walikuwa kumi, wakazaliwa kumi. Hawakuwa ishirini. Wapo waalimu wanaosema ni kwa sababu wale wa kwanza hawakupotea, wako kwa Mungu, kwa hiyo jumla ni ishirini. Nimeambiwa hivyo na mzee mmoja wa kanisa kwa upole mkubwa na nimeipokea. Lakini sitaki mtu aniambie kwamba huyu wa pili ni malipo ya yule wa kwanza. Naona mwandishi wa kitabu alijua, ndiyo maana hasemi kwamba Ayubu alisahau. Anachosema ni kwamba mabinti watatu, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, walipewa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, na nadhani ni mtu aliyewahi kuzika tu ndiye anayeamua kwamba upuuzi wa kubagua watoto hana muda nao tena.

Nimemaliza ya moyoni, sasa ya dukani. Kwa 45,000 kinastahili, hasa kwa mgonjwa asiyeweza kushika kitabu, mzee asiyeona, au mama anayekesha. Usimnunulie mtu anayetaka muziki wa injili, redio ya kawaida iliyomo humu inakamata stesheni mbili tatu kwa mikwaruzo. Dai risiti, kiredio changu cha kwanza kilikuwa na kitufe kilichokwama na dukani walikibadilisha bila maneno. Kifuko chake ni cha kitambaa chembamba, shona kingine.

Na usinunue kabla hujajaribu kadi iliyobeba rekodi. Vingi vya bei ya chini vina Agano Jipya na Zaburi tu, ingawa boksi linasema Biblia nzima. Vingine vina kadi iliyonakiliwa ovyo, mafaili yamejipanga kwa tarakimu ya kwanza, kwa hiyo baada ya sura ya 1 inakuja ya 10, halafu 11, 12, mpaka 19, ndipo unarudishwa kwenye ya 2. Jirani yangu anacho cha namna hiyo, na kwa muda mrefu aliamini Ayubu alianza kulalamika kabla hajaugua. Mwambie muuzaji akiwashe palepale, nenda Ayubu sura ya 1, bonyeza mbele mara moja. Ukisikia sura ya 2, bonyeza tena. Ukisikia mtu anailaani siku aliyozaliwa, toa pesa.